Mifumo ya Afya Kusomana: Somo kwa Wakazi wa Kaunti za Chai

Mkulima wa majani chai katika Kericho na Bomet anaijua thamani ya nambari yake. Akifika kituo cha kununulia chai, karani hupima gunia, huingiza nambari ya mkulima, na kilo huandikwa kwake. Kilo hizo husafiri hadi kiwandani, kisha hadi kwenye malipo ya mwezi na bonasi. Tarakimu moja ikikosewa, jasho lake hulipwa mtu mwingine.

Hospitalini mambo ni yale yale, ila kinachopotea si kilo. Mama mjamzito anayehudhuria kliniki Mogogosiek, kaunti ya Bomet, anaweza kupelekwa kujifungulia Kapkatet au Litein, upande wa Kericho. Kundi lake la damu, dawa zinazomdhuru na matatizo ya uzazi uliotangulia yameandikwa kule alikotoka. Kama kompyuta za vituo hivyo haziwezi kupokezana habari, daktari wa usiku huanza upya kwa kumuuliza maswali mtu aliye katika uchungu.

Uwezo wa programu mbili kupokezana habari na kila moja kuelewa ilichopokea huitwa mifumo kusomana. Neno hili limezoeleka sana katika ofisi za serikali nchini Tanzania, na linafaa kwetu pia. Somo hili linaeleza jinsi kusomana kunavyofanya kazi, kwa nini ni kugumu, na mkazi ana nafasi gani.

Kwa nini jina halitoshi

Majina ya Wakipsigis hufuata mazingira ya kuzaliwa. Chepkoech na Kipkoech walizaliwa alfajiri, Chebet na Kibet mchana, Cherono na Kiprono jioni mifugo ikirudi nyumbani. Kwa hiyo katika wadi moja huwa na akina Cherono wengi, na jina la ukoo au la baba huweza kufanana pia.

Tahajia nayo huleta shida. Ng'eno huandikwa pia Ngeno, na Lang'at huandikwa Langat. Kwa binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ambayo haikufundishwa, alama ya king'ong'o ni herufi nyingine kabisa, na jina lisilo nayo ni la mtu mwingine. Mgonjwa hufunguliwa faili la pili, na historia yake hugawanyika. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi: watu wawili wenye jina moja kuunganishwa katika faili moja, kisha mmoja akapewa dawa ya mwenzake.

Ndiyo maana wahandisi wa programu hutafuta kitambulisho kisichobadilika. Kwa mtu mzima hutumika nambari ya kitambulisho cha taifa, na kwa mtoto nambari ya cheti cha kuzaliwa. Vituo navyo vina nambari zao. Kila kituo cha afya kilichosajiliwa nchini kina msimbo wake katika orodha kuu ya vituo, ili zahanati mbili zenye jina moja zisichanganywe.

Ngazi nne za kusomana

Ngazi ya kwanza ni njia. Lazima kuwe na umeme, mtandao na ulinzi wa habari zikiwa safarini. Bila njia, hata programu bora hukaa peke yake.

Ngazi ya pili ni muundo. Programu moja ikiandika tarehe 03/04/2025 ikimaanisha tarehe tatu Aprili, nyingine huweza kuisoma kama tarehe nne Machi. Wenye mifumo hukubaliana kuhusu mpangilio mmoja. Shirika la kimataifa la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, hutunga viwango vya aina hiyo kwa habari za afya. Kiwango chake kinachotumika sana siku hizi huitwa FHIR.

Ngazi ya tatu ni maana. Sukari ya damu hupimwa kwa milimoli kwa lita au kwa miligramu kwa desilita. Kipimo cha 7 katika utaratibu wa kwanza ni sawa na 126 katika ule wa pili, na kwa mtu ambaye hajala tangu usiku hicho ndicho kiwango ambacho kisukari huanza kutambuliwa. Lakini 70 kwa miligramu ni sawa na 3.9 kwa milimoli, ambayo ni sukari iliyoshuka. Nambari ikisafiri bila kutaja kipimo chake, inaweza kumdhuru mgonjwa kuliko kutofika kabisa.

Ngazi ya nne ni makubaliano ya watu. Nani anaruhusiwa kuona nini? Nani hurekebisha kosa? Kaunti mbili zinapotibu mgonjwa mmoja, nani hutunza faili? Maswali haya hayajibiwi na kompyuta.

Kazi iliyoanza jirani

Historia ya jambo hili haiko mbali. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, katika Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na kazi hiyo na mahitaji ya kliniki za virusi vya ukimwi za mpango wa AMPATH ulioko Eldoret, wataalamu walianza mwaka 2004 kutengeneza OpenMRS, programu ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuiboresha bila malipo. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya umma nchini, imejengwa juu yake.

Nguvu ya OpenMRS iko katika kamusi yake ya dhana. Kila kipimo, ugonjwa na dawa hupewa maana moja iliyoandikwa wazi pamoja na aina ya jibu linalokubalika. Swali jipya likihitajika, huongezwa katika kamusi bila kubomoa programu. Vituo viwili vinavyotumia kamusi moja vina msingi wa kuelewana.

Sambamba na hayo, mwaka 2011 Kenya ilieneza nchini kote DHIS2, mfumo ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Huu hukusanya jumla za mwezi, kwa mfano watoto wangapi walichanjwa. Jumla hizo hazimfuati mgonjwa mmoja mmoja kutoka kituo hadi kituo. Pale mifumo isiposomana, muuguzi huhesabu mistari katika rejista mwisho wa mwezi na kujaza jumla kwa mkono, ingawa habari hizo huenda ziko tayari katika kompyuta ya chumba cha pili.

Kuchora pamoja kabla ya kujenga

Makosa mengi ya mifumo hutokea kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Mhandisi akiwa peke yake hudhani anajua maana ya neno. Chukua neno “kaya”. Mfanyakazi wa shamba la chai anaweza kuishi katika nyumba za kampuni Kericho siku za kazi, huku mke na watoto wakiwa bomani Bomet. Je, hiyo ni kaya moja au mbili? Mfumo ukisema mbili, mtu huyo huhesabiwa mara mbili, na vyandarua au chanjo hupangwa vibaya. Ukisema moja, mhudumu wa afya ya jamii wa upande mmoja huenda asimwone kabisa.

Dawa ya tatizo hili ni kuchora modeli kwa pamoja. Muuguzi, karani wa rekodi, mtaalamu wa maabara, mhudumu wa afya ya jamii, mhandisi na mkazi huketi mbele ya karatasi kubwa. Huandika vitu vinavyohusika, yaani mtu, kaya, kituo, ziara na kipimo, kisha huchora mistari ya uhusiano. Mtu mmoja anaweza kuwa na makao mawili? Ziara moja inaweza kuwa na vipimo vingi? Kila jibu hubishaniwa hapo, ambapo kosa hufutwa kwa kalamu. Kosa hilo likigunduliwa baada ya mfumo kuenea, kulirekebisha hugharimu pesa za umma na imani ya wagonjwa.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti vituo vya afya na kuiachia serikali ya kitaifa sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti 47 zikinunua programu kila moja kivyake, kutosomana ni rahisi. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, siku moja kabla ya sherehe za Mashujaa zilizofanyika Kericho. Sheria hiyo inataka kuwepo kwa mfumo jumuishi wa habari za afya nchini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na inampa mtu haki ya kuona habari zake na kutaka zilizokosewa zirekebishwe.

Mkazi afanye nini

1. Aende kituoni na kitambulisho. Kwa mtoto, abebe cheti cha kuzaliwa pamoja na kijitabu cha mama na mtoto.
2. Atumie tahajia moja ya jina kila mahali, ile iliyo katika kitambulisho.
3. Aulize kama amewahi kufunguliwa faili hapo, ili asifunguliwe la pili.
4. Akipewa matokeo ya kipimo, ahakikishe yameandikwa pamoja na kipimo chake.
5. Akiona kosa katika rekodi, aombe lirekebishwe. Hiyo ni haki yake kisheria.
6. Kaunti ikiita mkutano wa umma kuhusu mfumo mpya, ahudhurie na aulize: Je, mfumo huu utasomana na ule wa kaunti jirani?