Pesa Kuukuu za Kigeni: Jua Thamani Yake Kabla ya Kuuza

Katika nyumba nyingi za Ngoliba na maeneo mengine ya Thika, si ajabu kukuta mkebe wa sarafu zenye tundu katikati, au bahasha ya noti za kigeni iliyoachwa na mzazi. Swali huwa moja: je, pesa hizi bado zina thamani? Jibu hutegemea mambo matatu: ikiwa benki iliyozitoa bado inazibadilisha, ikiwa zina madini ya thamani, na ikiwa kuna wakusanyaji wanaozitafuta.

1. Je, benki bado inazibadilisha?

Maduka ya kubadilisha pesa hayachukui noti zilizoondolewa sokoni, na mengi hayachukui sarafu. Hata hivyo, usizitupe. Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake zote za zamani kwa thamani iliyoandikwa, bila kikomo cha muda. Benki Kuu ya Ujerumani nayo hubadilisha mark za zamani kwa kiwango cha mark 1.95583 kwa yuro moja. Hivyo, noti ya mark 100 ni sawa na yuro 51.13. Noti za dola za Marekani, hata zikiwa za miaka mingi iliyopita, bado ni halali.

Nchi nyingine zilifunga mlango. Faranga za Ufaransa haziwezi kubadilishwa tangu Februari 2012. Hapa kwetu, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikoma kuwa halali baada ya Septemba 30, 2019.

2. Je, kuna fedha ndani yake?

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba ilianza kutolewa mwaka wa 1921. Zile za hadi mwaka wa 1946 zina uzito wa takriban gramu 7.8, na robo yake ni madini ya fedha, yaani karibu gramu 2. Zidisha gramu hizo kwa bei ya fedha ya siku hiyo, nawe utapata bei ambayo hupaswi kushuka chini yake sana. Shilingi za kuanzia mwaka wa 1948 ni za shaba na nikeli, hazina fedha kamwe. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa kuwa zote mbili hazinaswi. Soma mwaka.

Sarafu za senti zenye tundu hazina fedha. Zilitengenezwa kwa wingi, na nyingi huuzwa kwa bei ndogo.

3. Je, wakusanyaji wanaitafuta?

Umri pekee hauleti bei. Kinachohesabika ni uchache, hali ya pesa yenyewe na idadi ya wanaoitaka. Noti ya Zimbabwe ya dola trilioni 100 ni ya kipindi cha mfumuko wa bei cha mwaka wa 2008 na 2009. Haiwezi kununua hata mkate, lakini wakusanyaji duniani huinunua kama kumbukumbu. Kwa upande mwingine, noti za Zaire zilichapishwa nyingi mno thamani ilipoporomoka, na nyingi hazina bei kubwa.

Usisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala sabuni. Mkusanyaji hutaka rangi yake ya asili, na kuing'arisha hupunguza bei. Noti nayo usiipige pasi wala kuibandika gundi. Ihifadhi ikiwa imenyooka ndani ya karatasi ya plastiki.

Unapotaka kuuza

Andika nchi, mwaka, thamani na hali ya kila kipande, kisha upige picha pande zote mbili. Tafuta bei ambayo kipande kama hicho *kimeuzwa*, wala si bei ambayo mtu anaitisha. Anayeitisha milioni moja anaweza kukaa nacho miaka kumi bila mnunuzi. Pata maoni ya wanunuzi wawili au watatu. Mfanyabiashara atakupa pesa pungufu ya bei ya soko, kwa sababu naye lazima apate faida.

Jihadhari na matapeli

Kuna wanaodai kununua sarafu za zamani kwa mamilioni, kisha wanaitisha ada ya usajili, ya cheti au ya usafirishaji kupitia simu. Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe, hakuitishi pesa kwanza. Usitume pesa, nakala ya kitambulisho wala nambari ya siri. Ukiwa umelaghaiwa, hifadhi jumbe zote na upige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.

Ukiifukua shambani

Sarafu ya kale iliyopatikana ardhini si kama ile ya mkebe wa nyumbani. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka wa 2006 hulinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Acha kuchimba, weka alama mahali hapo na uwajulishe Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote.