Sekunde nne ulizozikata

Mpwa wangu wa Kibwezi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimesimama. Vuta kiti, chai ipo. Nianze kwa kukurudishia mambo kama nilivyoyaelewa, unisahihishe nikikosea.

Wewe ni kijana wa kamera. Harusi, mazishi, harambee, na Jumapili ni soka. Uliitwa kupiga video fainali ya kombe la mashinani, timu ya kwenu dhidi ya vijana waliovuka Mto Athi kutoka upande wa Ikutha, kaunti ya Kitui. Mambo yalikuwa sare ya 1-1, dakika mbili zimesalia, mvulana wa wageni akampita beki, akampita na kipa, akaupiga mpira kuelekea goli tupu. Wewe ulikuwa umetoka nyuma ya goli ukaingia hatua mbili uwanjani, karibu na mlingoti, ili uinase sura yake vizuri. Mpira ukagonga kiatu chako. Kipa akaurukia akaudaka. Refa akapuliza firimbi, akatoa mpira wa kudondosha kwa kipa. Wageni wakapandwa na hasira, mechi ikaenda penalti, na nyinyi mkabeba kombe.

Usiku ule ukaketi kuhariri. Ukakata sekunde nne: zile ambazo mpira unakuja, picha inatikisika, na ncha ya kiatu chako inaonekana chini ya fremu. Kilichobaki kinamwonyesha mvulana akipiga shuti, na papo hapo kipa ana mpira mikononi na refa ana firimbi mdomoni. Sasa watu wameitazama kuliko video yoyote uliyowahi kuweka, mfanyabiashara mmoja wa Mtito Andei anataka kukupa kazi, na chini ya video watu wameandika kwamba refa alikula hongo. Refa huyo, unasema, ni mwalimu wa shule ya msingi. Unauliza: uifute, au unyamaze mambo yapoe? Na unaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kosa ni la refa pia, kwa kuwa alikuona umesimama pale asikutoe.

Halafu unamalizia kwa kusema hulali. Hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya niache barua nyingine zote nikujibu wewe. Mtu asiyejali angekuwa anakoroma.

Tuanze na neno dogo ulilolitumia mara tatu. Umeandika kwamba mpira “ulinifuata”. Mwanangu, mpira haumfuati mtu aliyesimama nyuma ya goli. Ulikwenda kule mvulana alikoupeleka, ukakukuta. Ukishaweza kulisema hilo kwa ulimi wako, nusu ya safari umeimaliza.

Lakini nisikuonee. Najua viwanja vyetu. Mistari ya majivu huwa imefutika kabla ya mapumziko. Hakuna ua wala viti, watoto wamekaa miguu ndani ya uwanja, muuza karanga anapita katikati ya kona. Si kila uwanja ni Ithookwe pale Kitui, ulioandaa Sherehe za Mashujaa Oktoba 2025. Kwenye uwanja wa kawaida wa Ukambani, mtazamaji na mchezaji wanatenganishwa na adabu tu. Na adabu huchoka mchezo unaponoga.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukisimama kando ya barabara ya Mombasa wakati wa Pasaka kusubiri magari ya Safari Rally. Kila gari lilipopita tulijikuta tumesogea hatua moja mbele. Hakuna aliyeamua. Mama yangu alikuwa akitupanga nyuma tena kwa kutuvuta kola, na gari lililofuata likitukuta tena mbele. Tulidhani dereva anatuona, na kwamba kwa kuwa tunampenda hawezi kutudhuru. Mwaka 1986 huko Ureno, gari la mbio lilipoteza njia likaingia kwenye umati wa namna hiyo hiyo, watu waliosogea kwa mapenzi, na watazamaji 3 wakafa. Miguu ya mtu anayependa mchezo huenda mbele yenyewe. Yako ilikwenda, na kwa hilo sikulaumu sana. Shida yangu na wewe ilianza usiku, ulipokuwa umekaa na miguu imetulia.

Sasa nisikilize kuhusu refa, kwa sababu hapa umemkosea mtu ambaye hakukosea. Sheria za soka zina nafasi ya mtu kama wewe: zinamwita mtu wa nje. Mtu wa nje akiugusa mpira uwanjani na kuharibu mchezo, refa anasimamisha, na mchezo unaanza upya kwa mpira wa kudondosha. Kama mpira ulikuwa ndani ya eneo la penalti, unadondoshwa kwa kipa. Refa hana ruhusa ya kutoa goli ambalo halikuingia, hata kama kila mtu hadi mbuzi wa jirani aliona lingeingia. Laiti mpira ungekugonga kisha ukaingia wavuni, angeweza kulikubali, ilimradi hukumzuia kipa wala beki na wewe si mtu wa timu inayoshambulia. Haukuingia. Kwa hiyo mwalimu yule, mbele ya umati unaopiga kelele, alifanya jambo gumu na la haki. Uamuzi wake una maana kamili mtu akiona sekunde zako nne. Bila hizo, anaonekana mwizi. Wewe ndiye uliyemvalisha vazi hilo, na wanafunzi wake wana simu nyumbani.

Kuna mchezo mwingine nataka uufikirie, huenda hujawahi kuuona: gofu ya visahani. Badala ya fimbo na mpira, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Mmarekani Ed Headrick alibuni kikapu hicho miaka ya 1970, na leo mchezo una wafuasi wengi Marekani na Ufini. Huchezwa kwenye bustani kubwa na misituni. Watazamaji hutembea pamoja na wachezaji, na wapiga video husimama mbele kabisa, upande ambao kisahani kitatua. Yaani ni uwanja wenu wa Kibwezi wenye miti mingi zaidi.

Kanuni yao inavutia. Kisahani kikimgonga mtazamaji kwa bahati mbaya, kinachezwa pale kitakapotulia, iwe bahati njema au mbaya kwa mrushaji. Mtu akikipangua kwa kukusudia, kinawekwa pale alipokigusa. Na kabla ya kurusha, mchezaji ana haki ya kumwambia yeyote aliye njiani asogee. Sasa jiulize: nani anajua kama mguu ulikuwa wa bahati mbaya au wa makusudi? Mara nyingi hakuna mwamuzi karibu. Wachezaji wenyewe huulizana, na mwenye mguu husema. Mchezo mzima unategemea mwenye mguu aseme. Mwaka 2021, katika mashindano ya dunia huko Ogden, Utah, James Conrad alihitaji kurusha kisahani moja kwa moja kikapuni kutoka zaidi ya mita 70 ili tu asishindwe palepale. Umati ulikuwa umejipanga, kamera zimesimama pembeni. Kisahani kikapaa, kikapinda, kikaingia. Akaenda kushinda. Mrusho ule watu wanautazama hadi leo, ukiwa mzima, tangu mkononi hadi kwenye minyororo.

Unasema unapiga video ili vijana wa kwetu waonekane. Nakuamini, na sitaki uache. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video mtandaoni, na Agosti 2015 pale Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kila video aliyoitazama, kuna mtu alishika kamera. Kazi hiyo ina heshima kubwa.

Siku moja baada ya Yego kushinda, kwenye uwanja uleule, Usain Bolt alishinda mita 200. Akiwa anazunguka kuwasalimu mashabiki, mpiga picha aliyekuwa juu ya kigari cha magurudumu mawili alipoteza mwelekeo, akamvamia kwa nyuma, akamwangusha. Mtu mwenye kasi kuliko wote duniani, chini, kwa sababu ya kamera. Mpiga picha yule alimwomba radhi, na baadaye akampa bangili. Bolt alicheka, mambo yakaisha. Nadhani yaliisha upesi kwa sababu dunia nzima iliona jinsi ilivyokuwa. Hakukuwa na sekunde za kukata.

Lako halitaisha kwa kucheka, na sitakudanganya. Vanderlei de Lima wa Brazil alikuwa anaongoza marathoni ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, mbele ya wakali kina Paul Tergat, alipovamiwa na mtazamaji karibu na kilomita ya 35. Mtazamaji mwingine, Mgiriki, akamnasua. Akamaliza wa tatu. Brazil ilidai apewe dhahabu, ikakataliwa. Shaba ikabaki shaba. Lakini watu walijua kilichompata, akapewa nishani ya Pierre de Coubertin, na mwaka 2016 nchi yake ikamkabidhi kazi ya kuwasha mwenge mkuu wa Olimpiki ya Rio. Mvulana wa Ikutha hana hata hicho kidogo. Watu wa kwake wanaamini refa alimwibia, watu wa kwako wanasema hana shabaha. Hakuna anayejua ukweli isipokuwa wewe, refa na wale wachache waliosimama karibu na mlingoti.

Kwa hiyo, usiifute. Ukiifuta leo watu watasema umehongwa na wewe, na matusi kwa mwalimu yatabaki vichwani mwao. Weka video nzima, bila muziki, bila maandishi ya kuchekesha. Mwanzoni sema kwa sauti yako: huyu ni mimi, hiki ni kiatu changu, niliingia uwanjani, refa aliamua sawasawa. Ile ya kwanza iache na uandike juu yake kwamba ilikatwa na ni nani aliyeikata.

Lakini kabla ya kuiweka, nenda kwa mwalimu. Leo jioni, si Jumamosi. Usimtumie ujumbe, mtu aliyetukanwa mbele ya watu hastahili kuombwa msamaha kwa simu. Mwonyeshe sekunde nne yeye kwanza, kabla ya dunia. Kisha uvuke Athi. Barabara ya lami ipo, Ikutha si mbali. Usiende peke yako: mtafute mzee mmoja anayeheshimika pande zote mbili, akutangulie kwa kocha wao na kwa wazazi wa kijana. Usibebe bahasha ya pesa, itafanana na hongo ileile mnayosingiziana. Na neno “lakini” liache Kibwezi. Ni kweli refa angeweza kukutoa. Ni kweli waandalizi walikupa ruhusa bila kukuonyesha mahali pa kusimama. Hayo utayasema kwenye kikao cha waandalizi, si uani kwa watu mnaokwenda kuwaomba radhi.

Kwenye kikao hicho, omba kitu kimoja: kamba. Mnaishi kwenye nchi ya mkonge. Kamba ya katani ifungwe mita tatu nyuma ya kila goli na kando ya mistari, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwarudisha watu, kamera zikiwemo. Kama waandalizi watataka mechi irudiwe, au kombe ligawanywe, huo ni uamuzi wao, kubali chochote.

Yule mfanyabiashara wa Mtito Andei mwambie kabla hajasikia kwa wengine. Huenda akakuacha. Huenda pia watu wa kijiji chako wakakukasirikia kuliko wale wa Ikutha, kwa sababu utakuwa umelitia doa kombe lao. Hilo litauma, na nitakuwa hapa ukitaka kuniandikia tena.

Na kijana mwenyewe anaweza asikusamehe siku hiyo. Ana miaka 17, ana haki ya kununa. Usimsukume. Ila ukifika kwao, mpe nakala yake ya video nzima. Umesema mwenyewe kwamba alimpita beki, akampita kipa, akapiga kwa mguu wa kushoto ambao si wake. Lilikuwa shuti zuri, na ni wewe pekee uliye nalo lote.

Wako,
Shangazi