Tope likifunika shamba, usifukue kila kitu

Mvua ikishusha mlima juu ya shamba, kama inavyotokea mara nyingi Masisi, mashariki mwa Kongo, watu hushika majembe na kufukua chochote kinachochungulia. Nguvu nyingi hupotea bure hapo, kwa sababu mimea haifi kwa namna moja.

Vichaka vya jangwani vinajua mambo haya kuliko sisi. Huko Oman na nchi za Ghuba, kichaka cha Tamarix kikifunikwa na mchanga, sehemu ya shina iliyozama hutoa mizizi mipya na matawi ya juu hurefuka. Mchanga ukizidi kuja, nacho huzidi kupanda, hata kikajikuta juu ya kilima chake chenyewe. Ila mchanga hupitisha hewa. Udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa huziba kabisa, na mzizi usiopata hewa huoza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoa maji. Chimba mfereji pembeni mwa tope, uelekeze maji mbali na shamba la jirani, na usikanyagekanyage tope bichi, maana unalishindilia.

Kisha anza na kahawa. Mbuni hauvumilii shina lake kuzikwa. Ondoa tope kwa mkono kuzunguka shina, mpaka uone pale lilipoanzia ardhini zamani. Avokado nayo ni hivyohivyo. Kwaruza gamba kwa ukucha: ndani pakiwa kijani, mti u hai, pakiwa pa kahawia na pakavu, panda mwingine hapo. Mbuni uliovunjika juu lakini bado kijani chini, ukate mshazari, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, kisha uache machipukizi mawili au matatu yenye nguvu.

Muhogo uliokomaa ung'oe upesi, kwa kuwa viazi vyake huoza haraka kwenye tope. Mashina yake yakate yawe mbegu. Migomba iache, tope lisipokuwa la kina sana, machipukizi yatatoboa yenyewe. Maharagwe yaliyozama usiyahangaikie, panda upya.

Walikale habari ni nyingine. Kandokando ya mito ya Lowa na Oso, maji yakijaa huacha mchanga. Hewa inapita, lakini chakula cha mimea ni kidogo. Hapo panda marando ya viazi vitamu, yanayotoa mizizi kwenye kila kifundo kilichofunikwa, na utie mboji au majani mabichi ya Tithonia, ile ya maua ya njano inayoota kando ya barabara. Mchikichi mchanga uangalie katikati: kichipukizi cha moyo kikizikwa, hauna kingine cha kutegemea. Usafishe siku hiyohiyo.

Jeraha la mlima lenyewe lizibwe na mimea ipendayo kufukiwa. Kata vipande vya matete au Tithonia vyenye vifundo vitatu, zika viwili, kimoja kibaki juu, kwa mistari inayokatisha mteremko. Tope jipya likija, litakwama hapo na matete yatatia mizizi ndani yake.

Kabla ya hayo yote, tazama juu. Ukiona nyufa ardhini juu ya shamba, au miti iliyoanza kuinama, usiingie na jembe. Ondoa watoto chini ya mteremko huo, usubiri mvua ikatike na ardhi ikauke.