Kuichaji Betri na Kuitunza: Somo la Kemia kutoka Banda la Bajaji

Utangulizi

Katika miaka ya 2020 bajaji na pikipiki zinazoendeshwa kwa umeme zimeanza kuzoeleka katika barabara za Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza jinsi betri za vyombo hivyo zinavyozeeka, na jinsi tabia ya mtumiaji inavyoweza kuharakisha au kuchelewesha uzee huo. Maelezo yake yanahusiana na mada mbili zinazofundishwa katika shule za sekondari, yaani umemekemia na mwendo wa mmenyuko.

Chukua mfano wa dereva wa bajaji ya umeme anayeishi Ukonga, wilayani Ilala, ambaye huchukua abiria kati ya Banana na Gongo la Mboto. Hurejea nyumbani saa 3 usiku, betri ikiwa imebakiwa na chaji kidogo na ingali na joto la kazi. Huiingiza bajaji katika banda la mabati, huchomeka waya, kisha hulala. Kabla ya saa 8 usiku betri imekwisha jaa, nayo hukaa hivyo hivyo katika joto la banda hadi saa 11 alfajiri, dereva aamkapo. Siku ya mapumziko hushinda imejaa chini ya mabati yanayopigwa na jua.

Machoni pa majirani, dereva huyu hana kosa. Hata hivyo betri yake, ambayo aghalabu ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote katika chombo, inazeeka kabla ya wakati wake. Ikichoka ilhali mkopo wa bajaji haujamalizika, hasara yake ni riziki ya nyumba nzima.

Mashauri mawili ya kijiweni

Dereva huyo akiomba shauri kijiweni, yamkini atapewa mashauri mawili yanayopingana. Mmoja atamwambia asichaji mpaka betri iishe kabisa. Mwingine atamwambia aijaze pomoni kila siku na asiiache kamwe ipungue. Mashauri hayo si uzushi mtupu. Kila moja lilikuwa na ukweli wake, lakini kwa betri ya aina nyingine.

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Gaston Planté huko Ufaransa mwaka 1859, ndiyo inayowasha injini za magari mengi hadi leo, na huonekana pia katika nyumba zenye umeme wa jua. Betri hii ikiachwa bila chaji, fuwele za salfeti ya risasi hukua na kuwa ngumu juu ya sahani zake, na uwezo wake hupotea. Hiyo yataka ijazwe kila mara baada ya kutumika. Betri ya nikeli na kadimi, iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899, ilifaidika kwa kumalizwa chaji mara kwa mara. Betri ya lithiamu haifuati kanuni hizo mbili. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma kibandiko cha betri, kwani baadhi ya bajaji za umeme za bei nafuu hutumia betri za risasi.

Ndani ya betri ya lithiamu

Msingi wa betri hii ulijengwa na wanasayansi wa mataifa mbalimbali. Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi waliyoifanya katika miaka ya 1970 na 1980. Rachid Yazami, mzaliwa wa Moroko, alionyesha akiwa Grenoble, Ufaransa, kwamba lithiamu inaweza kuingia katika kinywe na kutoka tena. Betri za kwanza za aina hii ziliuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991.

Kinywe ni madini ambayo Tanzania inayo, kwa mfano huko Mahenge mkoani Morogoro. Ni kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika ncha chanya, hupita katika kimiminika kiitwacho elektrolaiti, na kujipenyeza kati ya tabaka hizo. Chombo kinapokwenda, ioni hurudi zilikotoka, na elektroni hupita katika waya na kuzungusha mota. Kama safari hizo zingekuwa kamilifu, betri isingezeeka. Lakini sivyo, na sababu kuu ni tatu.

Ya kwanza ni kujaa. Seli moja ya lithiamu yenye nikeli na kobalti hufikia volti 4.2 inapojaa. Katika volti hiyo elektrolaiti huelekea kuvunjika, na sehemu ya lithiamu hunaswa katika utando unaoota juu ya kinywe. Lithiamu iliyonaswa hairudi kazini. Kadiri betri inavyokaa imejaa, ndivyo utando unavyonenepa, hata kama chombo kimesimama tu.

Ya pili ni joto. Kufuatana na kazi ya Svante Arrhenius ya mwaka 1889, mmenyuko huenda kasi zaidi joto linapopanda, na kwa makadirio ya kawaida kasi hiyo hufikia maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za Selisiasi. Uharibifu unaochukua miezi 12 katika nyuzi 25 ungechukua miezi 6 katika nyuzi 35, na miezi 3 katika nyuzi 45. Mwezi Februari joto la mchana Dar es Salaam hufikia nyuzi 32 hivi kivulini, na chini ya bati huzidi hapo.

Ya tatu ni kuisha kabisa. Kinywe hutanuka kwa karibu asilimia 10 kinapojaa lithiamu na hunywea kinapoachwa tupu. Mtanuko mkubwa wa kila siku huleta nyufa, na kila ufa huota utando mpya. Betri iliyoachwa tupu kwa majuma mengi huweza hata kuyeyusha shaba iliyo ndani yake, na kuichaji baada ya hapo ni hatari.

Ni dhahiri basi kwamba betri ya lithiamu hupenda kukaa katikati. Haipendi shibe ndefu wala njaa ndefu.

Hesabu ya usiku mmoja

Chukulia kwamba betri ya bajaji ina uwezo wa kilowati-saa 8, na kwamba dereva huenda kilometa 60 kwa siku akitumia kilowati-saa 0.08 kwa kila kilometa. Matumizi yake ni 60 × 0.08 = 4.8, yaani asilimia 60 ya betri. Akianza siku na asilimia 80 atarudi na asilimia 20. Hana haja ya kujaza kila usiku.

Ikiwa asilimia 90 ya umeme wa ukutani huingia betrini, atahitaji uniti 4.8 ÷ 0.9 = 5.33. Chaja inayovuta kilowati 1.5 itafanya kazi hiyo kwa saa 3 na dakika 33. Akitumia swichi yenye saa, aipange iwashe umeme saa 7 na dakika 20 usiku. Betri itakuwa imepoa, na kazi itakwisha saa 10 na dakika 53, muda mfupi kabla ya safari. Asiye na swichi hiyo achomeke saa 6 usiku. Kwa kiasi hicho hicho cha umeme, kutoka asilimia 20 hadi kujaa ni saa 4 na dakika 44, hivyo betri itakaa imejaa kwa robo saa tu badala ya zaidi ya saa 3.

Kanuni za kila siku

1. Kwa kazi ya kawaida, betri iwe kati ya asilimia 20 na 80. Safari ndefu ikiwapo, ijazwe, lakini kuchaji kukamilike karibu na wakati wa kuondoka.

2. Betri iachwe ipoe kwanza, kisha ichajiwe mahali penye kivuli na hewa. Kivuli cha mwembe ni bora kuliko banda la bati lililofungwa.

3. Chaji ya haraka itumike kwa dharura tu, kwa kuwa huongeza joto.

4. Chombo kisichotumika kwa majuma kadhaa kiachwe na nusu ya chaji.

5. Betri ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ambayo seli yake hujaa katika volti 3.65, hustahimili zaidi kujazwa. Hii ijazwe mara kwa mara kama mtengenezaji anavyoagiza, ili seli zake zilingane na kipimo cha chaji kisipotoke.

6. Itumike chaja iliyokusudiwa kwa betri hiyo, na isiwekwe kwenye njia ya kutokea. Betri iliyovimba au iliyopigwa isichajiwe wala kufunguliwa.

Kazi ya darasani

(a) Saa 8 mchana, wanafunzi wapime joto chini ya bati, chini ya mti na ndani ya darasa. Kwa kutumia kanuni ya maradufu kwa nyuzi 10, wakadirie betri ingezeeka mara ngapi zaidi mahali pa joto kuliko mahali pa baridi.

(b) Kwa bei ya uniti iliyo katika risiti ya LUKU ya nyumbani, wakokotoe gharama ya uniti 5.33, kisha wailinganishe na gharama ya petroli ya kilometa 60.

(c) Waeleze kwa nini shauri la kuijaza betri kila siku ni sahihi kwa betri ya risasi, lakini lina madhara kwa betri ya lithiamu.

Majibu ya swali la mwisho yapelekwe kijiweni, kwa dereva yeyote aliye jirani. Akiyatia maanani, huenda betri yake ikadumu hadi deni liishe na baada ya hapo.