Meza ya Magazeti Njiani

Wasomaji, hapa Musoma, kama Bunda, gazeti huuzwa mezani kando ya njia au hutembezwa mkononi, na wengi wetu husoma vichwa vya habari bure tukapita! Marekani yalienea masanduku ya chuma: watia sarafu, wafungua, watwaa gazeti.

Kwetu, Sheria Na. 8 ya 1982 huzipa halmashauri za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo hazina nguvu mpaka Waziri azikubali. Kuzuia meza isimzibie njia kipofu ni haki kabisa.

Lakini huko Lakewood, jimbo la Ohio, sheria ya mji ilimruhusu Meya kukataa sanduku lo lote. Alitakiwa kutaja sababu tu. Haikusemwa sababu ipi itoshe. Gazeti la The Plain Dealer halikungoja kukataliwa, likashtaki. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba uwezo huo usio na mpaka ni batili. Mhariri ategemeaye hisani ya Meya atamkosoaje?

Zoezi: Tungeni kanuni ya meza za magazeti, mkitaja upana wa njia, pasipo kutaja gazeti lo lote.