Damu haingoji: Funzo kutoka kwa helikopta za majeruhi vitani

Habari za vita aghalabu hutaja idadi ya waliouawa. Leo tuwaangalie waliojeruhiwa wakapona, na sababu ya kupona kwao. Funzo lao lakufaa hata wewe usiyewahi kukanyaga uwanja wa vita.

Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 za damu. Aliyejeruhiwa akipoteza lita 2, ubongo, moyo na figo hukosa hewa ya oksijeni, na asipotibiwa haraka hufariki. Kwa hivyo, swali kuu la matabibu wa jeshi ni hili: majeruhi atafikaje kwa daktari wa upasuaji mapema?

Vita vya Korea

Katika vita hivyo vya 1950 hadi 1953, Marekani ilisogeza hospitali za mahema karibu na mapigano. Helikopta ndogo zilibeba majeruhi wawili kwa machela zilizofungwa nje, ubavuni, kwa hivyo hawakuweza kutibiwa njiani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kati ya majeruhi 100 Wamarekani waliofikishwa kwa matabibu, 4 au 5 walifariki. Korea walifariki 2 au 3. Sifa si za helikopta pekee: damu ya kuongezewa na dawa za viini pia zilichangia.

Vita vya Vietnam

Mwaka 1962, kikosi cha kwanza cha helikopta za tiba kilifika Nha Trang. Helikopta hizi, zilizoitwa Huey, zilibeba majeruhi ndani, na mhudumu wa tiba aliwafunga majeraha wakiwa angani. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Kamanda wa kikosi hicho, Meja Charles Kelly, aliuawa Julai 1, 1964, baada ya kukataa kuondoka bila majeruhi.

Helikopta ilitua kwenye hospitali za jeshi, kama ile iliyokuwa Cu Chi. Hapo majeruhi walipangwa kwa uzito wa majeraha, si kwa cheo: wa kupasuliwa mara moja, wanaoweza kungoja, na wale ambao matumaini yao yalikuwa finyu. Anayepiga mayowe hakuwa lazima awe wa kwanza. Aliyenyamaza ndiye aliyetia hofu zaidi. Waliopata nafuu ya kusafiri walipelekwa mbali, wengine hadi Japani na Marekani.

Wewe ufanye nini?

Helikopta haingemfaa mtu aliyekwisha damu kabla haijatua. Uokoaji ulianza kwa aliyekuwa karibu naye, aliyelibana jeraha. Ukikuta ajali barabarani:

1. Weka kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu. Usikiondoe ili kuchungulia.

2. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, uzidi kukandamiza.

3. Mlaze na umfunike asipate baridi. Usimpe chakula wala kinywaji.

4. Ukishuku ameumia shingo au uti wa mgongo, usimkunje ndani ya gari. Usimsogeze ila akiwa hatarini, kwa mfano moto.

5. Mwite mwingine atafute ambulensi huku wewe ukiendelea kukandamiza.

Daktari humtibu aliyefikishwa kwake akiwa hai. Dakika za kwanza ni zako wewe uliye karibu.