Imeji Kuukuu na Bili Isiyoshuka

*Kila Ijumaa EC2 Image Builder inatutengenezea imeji mpya za seva. Zimejaa kwenye akaunti na bili ya hifadhi inapanda. Nataka kuandika katika Terraform kanuni moja: kila imeji iliyopitisha siku 90 ifutwe. Bosi wangu hataki. Nimshawishi vipi? F., Dar es Salaam*

Ndugu F.,

Usimshawishi. Katika hili nipo upande wake, kwa sababu umri wa imeji hausemi kama bado inategemewa. Seva ambayo tayari inafanya kazi haidhuriki imeji yake ikifutwa. Inayoumia ni ile ambayo haijawashwa: siku wateja wakifurika, Auto Scaling itataka kuongeza seva kwa kiolezo kinachotaja imeji isiyokuwepo, na itashindwa. Mtagundua kosa saa ambayo hamna nafasi ya kulirekebisha.

Tangu 2023 Image Builder ina sera za kustaafisha imeji, nazo katika Terraform huandikwa kwa `aws_imagebuilder_lifecycle_policy`. Sera moja hubeba hatua tatu. Hatua ya `DEPRECATE` huiondoa imeji kwenye orodha wanayoiona wengine, lakini anayejua kitambulisho chake bado ataiwasha. `DISABLE` huizuia kabisa kuwasha seva mpya, ilhali unaweza kuirudisha. `DELETE` ndiyo kufuta.

Thamani kubwa ipo hapo katikati. Imeji iliyozimwa hufichua kila kinachojaribu kuiwasha wakati bado una njia ya kurudi. Ningeweka siku 60, 90 na 150, kisha ningeacha wiki zipite kati ya kuzima na kufuta bila haraka yoyote. Angalizo: kuzima hufuta ruhusa za akaunti mlizoshirikiana nazo, na kuiwasha tena hakuzirudishi.

Bili, hata hivyo, haitashuka kabla ya kufuta, kwa kuwa mnacholipia ni snapshoti zilizo nyuma ya imeji. Ndani ya `include_resources` weka `amis` na `snapshots` zote kuwa kweli, la sivyo utaondoa jina na kubaki na gharama. Weka pia `retain_at_least` ili zisalie angalau imeji tatu, hata mtambo wa kutengeneza mpya ukisimama miezi kadhaa.

Kanuni ya `last_launched` itaziokoa zilizowashwa karibuni, ila usiiegemee peke yake. Imeji ya mfumo wa dharura huenda haijawashwa mwaka mzima, nayo ndiyo mtakayoihitaji siku ya maafa. Ipe lebo, kisha itaje lebo hiyo kwenye `tag_map` ya `exclusion_rules`. Ongeza `aws_rbin_rule` mbili, moja ya imeji na nyingine ya snapshoti, ili vilivyofutwa vikae kwenye Recycle Bin siku 14. Mtavilipia kwa siku hizo, lipeni.

Kabla ya kutekeleza, kaa na bosi wako mpitie violezo vyote vya seva. Huenda anajua mifumo ya dharura ambayo wewe hujawahi kuigusa, na hiyo ndiyo ya kuwekewa lebo kwanza.